Serikali Inaposhindwa Kesi ya Uhuru wa Habari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Hukumu ikisomwa Arusha, wanahabari hupongezana, picha hupigwa ngazini, vichwa vya habari hunadi ushindi. Baada ya hapo mara nyingi huja kimya kirefu. Maswali yaliyojibiwa hapa ni yale ambayo wahariri, waandishi wa mikoani, wanafunzi wa sheria na wasomaji wa kawaida huuliza katika kimya hicho.

Arusha kuna mahakama mbili. Ipi ni ipi?

Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki ni chombo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kazi yake ni kuangalia kama nchi mwanachama imevunja Mkataba wa Jumuiya wa 1999. Mkataba huo hauna orodha ya haki za binadamu, lakini ibara zake za 6(d) na 7(2) zinazibana nchi zifuate demokrasia, utawala bora na utawala wa sheria. Majaji wameshasema zaidi ya mara moja kwamba uhuru wa habari ni sehemu ya demokrasia hiyo, kwa hiyo anayeuvunja amevunja Mkataba.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ni ya Umoja wa Afrika. Ina majaji 11, na inatumia Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ambao ibara yake ya 9 inalinda haki ya kupata habari na kutoa maoni.

Kwa mlalamikaji, tofauti kubwa iko mlangoni. Kwenye mahakama ya Jumuiya unaweza kwenda moja kwa moja bila kumaliza mahakama za nyumbani, ila una miezi miwili tu tangu kitendo kutokea au tangu ulipokifahamu. Kwenye mahakama ya Umoja wa Afrika sharti umalize kwanza njia za nyumbani, na sharti nchi yako iwe imetoa tamko la kuruhusu wananchi na mashirika kuishtaki hapo. Kenya, Uganda na Burundi hazijawahi kutoa tamko hilo.

Serikali iliyoshindwa inatakiwa kufanya nini hasa?

Inategemea amri zilizoandikwa mwishoni mwa hukumu, na hapo ndipo watu wengi hawafiki wanaposoma. Amri zinaweza kuwa za aina nne au tano: kubadili sheria, kuondoa katazo, kulipa fidia, kufuta rekodi ya hatia ya mtu, kufungua upya uchunguzi. Kila moja ina ofisi yake serikalini na kasi yake. Fidia inahitaji saini ya Hazina, ilhali kubadili sheria kunahitaji Bunge, na kufungua uchunguzi kunahitaji mwendesha mashtaka mwenye ujasiri.

Ndiyo maana serikali inaweza kusema “tumetekeleza” na mlalamikaji akasema “hawajatekeleza”, na wote wawili wana karatasi ya kuonyesha. Mimi huwashauri watu waache kuuliza kama hukumu imetekelezwa. Waulize amri kwa amri: kifungu kimefutwa? Gazeti liko mezani kwa muuzaji? Fedha zimeingia benki? Na lini?

Kuna askari au dalali wa mahakama anayeweza kuilazimisha?

Hapana. Ibara ya 38 ya Mkataba wa Jumuiya inaitaka nchi ichukue hatua za kutekeleza hukumu bila kuchelewa, lakini haisemi kuchelewa ni siku ngapi. Ibara ya 44 inasaidia kwenye fedha tu: ukiwa umepewa fidia, hukumu hukazwa kwa kufuata sheria za mwenendo wa madai za nchi husika. Amri ya kurekebisha sheria haina dalali wa kuikazia.

Upande wa Umoja wa Afrika, protokali ya mahakama inalipatia Baraza la Utendaji kazi ya kufuatilia, na mahakama yenyewe hutaja kwenye ripoti yake ya mwaka nchi ambazo hazijatii. Baraza hilo ni la mawaziri wa mambo ya nje. Waziri anayetakiwa kumkemea mwenzake anajua kwamba leo ni kwake, kesho ni kwangu. Kemeo hilo halijawa kali.

Gazeti la Mseto lilishinda. Mbona halikurudi mtaani?

Kesi hii inastahili kusomwa polepole kwa sababu ndani yake mna karibu kila hila ya ucheleweshaji.

Tarehe 10 Agosti 2016, Waziri wa Habari wa Tanzania, Nape Nnauye, alilifungia gazeti la wiki la Mseto kwa miezi 36, akitumia Sheria ya Magazeti ya 1976. Gazeti lilikuwa limeandika habari ya tuhuma za rushwa iliyomgusa kiongozi wa serikali. Wachapishaji hawakukaa. Waliwahi Arusha ndani ya ile miezi miwili, na tarehe 21 Juni 2018 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki ikasema katazo lile lilivunja Mkataba. Waziri aliamriwa aliondoe na gazeti liruhusiwe kuchapishwa.

Kufikia siku hiyo, Sheria ya Magazeti ya 1976 ilikuwa imeshafutwa. Mahali pake palikuwa na Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, inayotaka kila gazeti liwe na leseni. Mseto lilikuwa kifungoni wakati mfumo wa leseni ulipoanza, hivyo likajikuta limeshinda kesi lakini halina leseni. Bila leseni, mtambo wa uchapaji haukupokei, na msambazaji hathubutu kukubebea.

Agosti 2019 ile miezi 36 ikaisha yenyewe. Gazeti bado halikuwepo. Leseni ilikuja tarehe 10 Februari 2022, pamoja na za MwanaHalisi, Mawio na Tanzania Daima, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan. Aliyezikabidhi alikuwa Nape Nnauye, aliyekuwa amerudishwa kwenye wizara ya habari mwezi mmoja kabla.

Hesabu mwenyewe. Kutoka hukumu hadi leseni ni zaidi ya miezi 43. Muda wa kusubiri hukumu itekelezwe ulikuwa mrefu kuliko kifungo ambacho mahakama ilikiita haramu. Gazeti dogo haliwezi kukaa miaka mitano na nusu bila kuuza nakala likabaki lilivyokuwa: waandishi wana watoto wa kulisha, mtangazaji amehamia kwingine, msomaji amezoea simu. Kwa hiyo nikisikia ofisa akisema “hukumu ilitekelezwa”, namwambia ataje na tarehe.

Na hukumu ya 2019 kuhusu Sheria ya Huduma za Habari?

Hiyo ililetwa na Baraza la Habari Tanzania, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu. Tarehe 28 Machi 2019 mahakama ilisema vifungu kadhaa vya sheria ile vinavunja Mkataba. Vilikuwemo vinavyoweka masharti ya maudhui, vya ithibati ya waandishi, vya kashfa kama jinai, vya uchochezi, na vinavyompa waziri mamlaka ya kuzuia machapisho. Tanzania iliamriwa irekebishe sheria hiyo iendane na Mkataba, bila kuwekewa tarehe ya mwisho.

Marekebisho yalipita bungeni Juni 2023, miaka minne na zaidi baadaye. Kashfa iliondolewa kwenye jinai, na baadhi ya adhabu zikapunguzwa. Hilo ni jambo kubwa, na wanahabari waliokaa vikao visivyohesabika Dodoma kulidai wanastahili heshima yao. Lakini mfumo wa gazeti kuomba leseni serikalini umebaki, na orodha ya vifungu vilivyotajwa Arusha ni ndefu kuliko orodha ya vilivyoguswa Dodoma. Ukiwa na penseli, weka hukumu upande mmoja na sheria ya marekebisho upande wa pili, kisha pitia kifungu kimoja kimoja. Kazi hiyo ni ya mchana mmoja na kila chumba cha habari kinaweza kuifanya.

Kuna nchi yoyote iliyotii vizuri?

Burkina Faso, kwenye kesi ya Lohé Issa Konaté. Alikuwa mhariri wa gazeti la L'Ouragan, na Agosti 2012 alichapisha makala zilizomtuhumu mwendesha mashtaka wa serikali. Oktoba mwaka huo alihukumiwa kifungo cha miezi 12, faini na fidia ya mamilioni ya faranga za CFA, na gazeti likafungiwa miezi sita. Alikitumikia kifungo chote. Akiwa bado ndani, Mahakama ya Afrika ilitoa amri ya muda kwamba apatiwe dawa na matibabu.

Hukumu ya tarehe 5 Desemba 2014 ilisema kumfunga mtu jela kwa kashfa ni kuvunja ibara ya 9, isipokuwa katika hali nzito na za nadra sana, kama kuchochea chuki au vurugu. Majaji wanne walitaka kwenda mbali zaidi, kwamba kashfa isiwe jinai kabisa, ila walizidiwa kura.

Uamuzi wa fidia ulitoka tarehe 3 Juni 2016, na ndio ningependa kila wakili wa Afrika Mashariki aubandike ukutani. Uliandikwa kwa namna isiyoacha mwanya. Konaté alipwe faranga milioni 25 kwa kipato alichopoteza, 108,000 kwa matibabu na nauli za familia, na milioni 10 kwa maumivu aliyopata yeye na familia yake. Hatia zake zifutwe kwenye rekodi za mahakama. Muhtasari wa hukumu uchapishwe kwa Kifaransa kwenye gazeti la serikali na kwenye gazeti linalosomwa sana, na ukae kwenye tovuti ya serikali mwaka mzima. Kila kitu kilikuwa na muda wake, na serikali ilitakiwa irudi kutoa taarifa baada ya miezi sita. Sheria zenyewe zilikuwa zimeshabadilishwa Septemba 2015: jela iliondolewa, ikabaki faini. Na fidia ililipwa.

Kwa nini Burkina Faso ilitii na wengine husuasua?

Angalia kalenda. Rais Blaise Compaoré aliangushwa na wananchi mwishoni mwa Oktoba 2014 baada ya miaka 27. Hukumu ilitoka wiki tano baadaye. Serikali ya mpito haikuwa na sababu ya kulinda makosa ya utawala uliopita, bali ilitaka kuonekana tofauti nao. Wanahabari wa Ouagadougou walikuwa wakidai mageuzi hayo kwa miaka mingi, na hukumu ikawapa fimbo mkononi wakati mlango umefunguka.

Gambia ni hivyo hivyo. Mahakama ya Jumuiya ya Afrika Magharibi iliamua dhidi yake mara kwa mara enzi za Yahya Jammeh: hukumu ya 2008 kwa kutoweka kwa mwandishi Ebrima Manneh, ya 2010 kwa mateso ya mwandishi Musa Saidykhan, ya 2014 kwa kutochunguza mauaji ya mhariri Deyda Hydara. Jammeh hakulipa. Serikali iliyomfuata baada ya 2017 ndiyo iliyoanza kulipa.

Najua jibu hili linakatisha tamaa kwa anayeishi chini ya serikali ambayo haiondoki. Lakini Tanzania hakukuwa na mapinduzi 2021. Rais alifariki, mwingine akashika, na milango michache ikafunguka ndani ya chama kilekile. Waliokuwa na hukumu mkononi walijua cha kudai siku hiyo hiyo. Utii, hata hivyo, haudumu wenyewe. Tangu mapinduzi mawili ya 2022, waandishi wa Burkina Faso wamekamatwa, na wengine wamepelekwa kwa nguvu mstari wa mbele wa vita. Vitabu vya sheria haviwasaidii chochote huko.

Burundi je?

Chama cha wanahabari wa Burundi kiliishtaki serikali yao kwa sheria ya habari ya Juni 2013. Tarehe 15 Mei 2015 mahakama ya Jumuiya ilikubaliana nao kwa sehemu. Kati ya vilivyoanguka ni kifungu cha 20, kilichoweza kumlazimisha mwandishi kumtaja aliyempa habari.

Serikali ingeweza kujibu kwamba sheria mpya ilikuwa imeshatiwa saini tarehe 9 Mei. Kwa karatasi, iliitangulia mahakama kwa siku sita. Lakini tarehe 13 Mei kulikuwa na jaribio la mapinduzi Bujumbura, na katika siku hizo mbili tatu redio za RPA, Bonesha FM, Isanganiro na Renaissance zilivamiwa, mitambo ikavunjwa na kuchomwa. Wanahabari wengi walivuka mpaka, wengine wakaanza kutangaza wakiwa Kigali. Isanganiro ilirudi hewani 2016, Bonesha FM 2021. Kulinda chanzo cha habari kulipata ushindi mahakamani wiki ileile ambayo redio za kutangazia habari hizo ziligeuka majivu.

Serikali inaweza kujitoa tu isishtakiwe tena?

Kwenye mahakama ya Umoja wa Afrika, inaweza kuliondoa tamko. Rwanda ilifanya hivyo 2016, Tanzania Novemba 2019, Benin na Côte d'Ivoire 2020. Mahakama imesema kujitoa huanza kuhesabika baada ya mwaka mmoja na hakufuti kesi zilizokwisha kufunguliwa. Kwa Tanzania mlango ulifungwa Novemba 2020. Inauma, kwa sababu ndiyo nchi mwenyeji: Mtanzania anaweza kupanda daladala hadi mahakamani hapo na asiweze kufungua kesi.

Kwenye mahakama ya Jumuiya hakuna tamko la kuondoa. Ukiwa mwanachama, unashtakiwa.

Mabara mengine wanafanyaje?

Ulaya wana Kamati ya Mawaziri inayokaa kupitia hukumu moja moja hadi zifungwe, na kuna sekretarieti ya kudumu ya kazi hiyo. Hata hivyo mwandishi Eynulla Fatullayev wa Azerbaijan, aliyeamriwa aachiwe mara moja Aprili 2010, alitoka Mei 2011, tena kwa msamaha wa rais. Mahakama ya nchi za Amerika husimamia hukumu zake yenyewe na huita serikali ijieleze. Mfumo mzuri hupunguza maficho, lakini haumalizi kiburi.

Vipi pale mwandishi alipouawa?

Hapo ndipo utekelezaji ni mgumu kuliko kote. Norbert Zongo, mhariri wa L'Indépendant, aliuawa pamoja na wenzake watatu tarehe 13 Desemba 1998 karibu na Sapouy, Burkina Faso. Gari lao lilikutwa limechomwa. Miezi sita tu kabla, viongozi wa Afrika walikuwa wamekutana Ouagadougou, mji mkuu wa nchi hiyohiyo, kupitisha protokali ya kuanzisha Mahakama ya Afrika.

Mahakama hiyo ilisema mwaka 2014 kwamba serikali haikufanya juhudi za kweli kuwatafuta wauaji. Mwaka 2015 iliamuru familia zilipwe, faranga milioni 25 kwa kila mjane, milioni 15 kwa kila mtoto, milioni 10 kwa kila mzazi, na uchunguzi ufunguliwe upya. Ulifunguliwa. Mwaka 2017 François Compaoré, mdogo wa rais wa zamani, alikamatwa Paris kwa hati ya Burkina Faso. Yeye amekana kuhusika. Ufaransa ilikubali kumrudisha. Kisha mapinduzi ya 2022 yakatokea, na Septemba 2023 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikasema ahadi za serikali iliyopinduliwa haziwezi kutegemewa bila kupimwa upya. Ufaransa ikaifuta amri ya kumrudisha.

Mahakama moja ya haki ilidai kesi isikilizwe, nyingine ikamlinda mtuhumiwa asipelekwe mahali pa hatari. Sioni kama yeyote kati yao alikosea. Waliobaki na deni ni familia nne.

Gazeti langu limefungiwa wiki hii. Nifanye nini kwanza?

Dai amri kwa maandishi. Simu ya ofisa si amri, ingawa mara nyingi ndiyo inayokuja kwanza. Ikiwa imetangazwa kwenye Gazeti la Serikali, tafuta nakala yenye tarehe. Miezi miwili ya Arusha ianze kuhesabiwa siku hiyo hiyo, wala usiingoje rufaa ya nyumbani iishe, kwa sababu mahakama imekataa hoja kwamba uvunjaji unaoendelea unarefusha muda.

Pia ombeni amri ya muda mapema, kabla mtaji haujaisha.

Weka hesabu: nakala ulizouza wiki kumi za mwisho, mikataba ya matangazo, mishahara, kodi ya ofisi. Konaté alidai fidia kubwa kuliko aliyopewa, na sehemu ya tatizo ilikuwa vielelezo vya hesabu.

Na kwenye maombi yako, usiishie “mahakama itamke kwamba haki imevunjwa”. Omba kitendo, mtendaji na siku: waziri fulani aondoe katazo ndani ya siku kadhaa, mamlaka ya leseni itoe leseni, serikali iwasilishe taarifa ya utekelezaji tarehe fulani. Laiti amri ya Mseto ingegusa na leseni.

Hukumu dhidi ya nchi nyingine inanisaidia nini mimi?

Inaweza kukusaidia kuliko ilivyomsaidia aliyeshinda. Tarehe 6 Februari 2017, Mahakama Kuu ya Kenya ilifuta kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kashfa kuwa jinai, na jaji aliitegemea pia kesi ya Konaté. Mwaka 2018 mahakama ya katiba ya Lesotho ikafanya vivyo hivyo. Kenya na Lesotho hazikuwa wadaawa kwenye kesi ile, na hakuna aliyezitumia barua ya kuzikumbusha. Wakili aliyeisoma aliibeba hukumu hiyo hadi mbele ya jaji wa nyumbani, na kifungu kikaanguka huko.